Gari la Jeneza Limevaa Nini?

Juma lililopita niliahidi kwamba safu hii ingeendelea na hesabu za mirathi, fungu la mama na fungu la dada. Naomba radhi, mirathi itangoje. Limetokea jambo katika msikiti wetu hapa Mbinga ambalo ukilitazama juu juu ni jambo la ndoo na sabuni tu, lakini lilininyima usingizi kwa siku kadhaa. Nadhani nyumba nyingi zenye gari, na jumuiya nyingi zenye gari la jeneza, zinalitenda kosa lile lile bila kujua.

Gari letu ni Toyota Hiace ya rangi ya kijani iliyokoza. Ni wakfu wa ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa mwambao wa Ziwa Nyasa, ambaye riziki yake Mwenyezi Mungu ameijaalia Dar es Salaam. Kabla ya kulileta alimlipa fundi akalipaka kinga ya seramiki juu ya rangi, kwa kuwa njia zetu anazijua: vumbi la kiangazi, tope jekundu la masika, na jua la Mbamba Bay lisilo na huruma. Pamoja na kadi ya gari na funguo alinikabidhi karatasi moja yenye maelekezo ya namna ya kuliosha. Mimi, katibu, niliipiga mhuri wa kupokelewa, nikaitia katika faili, na faili nikalirudisha kabatini. Sikuisoma.

Kwa miezi 14 dereva wetu, mzee mwenye bidii ambaye hajawahi kuchelewa maziko hata siku moja, aliliosha gari lile kila Alhamisi jioni. Aliliosha kwa sabuni ya unga ya kufulia nguo, ambayo nilimwidhinishia mimi mwenyewe katika matumizi ya kila mwezi, na kwa brashi ngumu ya kusugulia sakafu. Alipoona mng'ao unafifia, akafuata ushauri wa vijana wa kuosha magari, akawa analipangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa. Siku ile hung'aa kama jipya. Kesho yake vumbi lote la barabarani limelala juu yake.

Kisha mama yake yule ndugu akafariki. Tulimchukua marehemu kwa gari lile lile, tukateremka kilometa 66 za lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, tukaendelea hadi kijijini kwao. Baada ya maziko nilimwona amesimama peke yake kando ya gari. Alipitisha kiganja juu ya boneti, akakitazama, akakifuta kwenye kanzu. Aliponiona akaniuliza kwa upole, "Katibu, ile karatasi mliipata?" Sikuwa na jibu ila kwamba niliipata.

Usiku ule niliifungua kabati, nikaisoma. Tangu hapo nimeuliza mafundi wa rangi hapa Mbinga na Songea, nimesoma nilichoweza kukisoma, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyopaswa kuyajua tangu siku ya kwanza.

Bati la gari limevikwa nguo kadhaa. Chini kabisa kuna rangi ya kuzuia kutu, juu yake rangi yenyewe tunayoiona, na juu ya rangi kuna vanishi angavu ambayo mafundi wetu huiita klia. Hiyo klia ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayoikinga rangi na jua. Unene wake kwa kawaida ni kama mikroni 40 hadi 50, yaani haifikii unene wa karatasi ya daftari. Ikishachakaa haioti tena kama ngozi; hakuna dawa yake ila kupaka upya. Kwa sababu hiyo watu huivika klia nguo ya nne, ya kuvaliwa na kubadilishwa. Nguo hiyo ni ya aina tatu: nta, kinga ya maabara ambayo mafundi huiita polima, au seramiki.

Nta bora ya magari hutokana na majani ya mti wa jamii ya michikichi uotao Brazili, uitwao karnauba. (Nalitaja hili kwa kuwa muumini mmoja aliniuliza kama nta hiyo ina mafuta ya nguruwe. Karnauba ni mmea.) Huleta mng'ao mzuri, lakini kwa jua letu huondoka baada ya majuma machache. Polima hukaa miezi kadhaa. Seramiki ni jamaa ya kioo, imetokana na silika, na huganda na kushikamana na klia. Ikitunzwa hukaa mwaka na zaidi, pengine miaka. Ikitunzwa, nasema.

Hapa wanafunzi wa madrasa yetu walicheka nilipowaeleza, nami sikuwakataza. Katika udhu tunafundishwa kuondoa kila kizuizi, iwe rangi ya kucha au gundi, ili maji yaifikie ngozi. Katika gari mambo yamegeuka: kizuizi ndicho tunachokitafuta, na maji yakiifikia rangi moja kwa moja tujue tumepata hasara.

Sasa, sabuni ya unga ina kosa gani? Kwa nguo haina kosa. Imetengenezwa kwa kazi hiyo. Uchachu na ukali wa magadi hupimwa kwa kipimo cha pH, kuanzia 0 hadi 14. Maji safi yako kwenye 7. Ndimu iko karibu na 2. Sabuni ya unga ikishayeyuka ndani ya maji hufika 10 au 11. Mtu asidhani kwamba kutoka 7 hadi 10 ni hatua tatu ndogo, kwani kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia, kwa hiyo hatua tatu ni mara elfu. Ukali huo ndio unaong'oa mafuta kwenye kola ya kanzu, na nta ya gari kwake ni mafuta kama mafuta mengine. Osho moja au mawili, nta haipo. Seramiki ni ngumu zaidi, haiondoki kwa siku moja, lakini magadi makali yakirudiwa kila Alhamisi huila kidogo kidogo. Tena unga ule huacha utando mwembamba unaoziba uso wa kinga, na maji yakawa hayakimbii tena.

Mtu ataniambia: basi nitatumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Hiyo kwa kipimo cha pH huenda ikawa pole zaidi, lakini imeumbwa kwa ajili ya mafuta ya sufuria. Gari lenye nta litavuliwa nguo vilevile. Gari lenye seramiki halitadhurika sana kwa siku moja ya dharura, ila isiwe desturi.

Inayofaa ni sabuni ya magari, ambayo wauzaji huiita shampuu ya magari, yenye pH iliyo karibu na 7. Na hapa pana mtego ambao hata wenye kujitahidi hunaswa. Madukani kuna shampuu iliyochanganywa na nta, inayoosha na kung'arisha kwa mkupuo mmoja. Kwa gari lililovaa nta ni nzuri, maana huongeza pale palipopungua. Kwa gari lililovaa seramiki si nzuri: nta hujilaza juu ya seramiki, huifunika, na kazi uliyoilipia ya kufukuza maji na vumbi haionekani tena. Kwa hiyo kabla hujanunua chupa, uliza kwanza gari limevaa nini. Kama hujui, siku ambayo gari ni safi na limepoa mwagia boneti maji ya kikombe kimoja. Maji yakijikusanya kuwa matone ya mviringo na kuporomoka, gari limevaa kitu. Yakitandaa na kulala kama juu ya godoro, ama liko uchi, ama kinga yake imezibwa. Kama ni nta au seramiki, huyo aliyeipaka ndiye wa kuulizwa, au karatasi aliyoiacha, kwa wale wanaosoma karatasi.

Tatizo la huku kwetu ni kwamba maandishi ya chupa nyingi hayasomeki kwa wengi, na nyingine hazina maandishi kabisa. Akina mama wa kikundi cha msikiti wetu hutengeneza sabuni ya maji kwa salfoniki, slesi, magadi na chumvi ya kuifanya iwe nzito, kisha huiuza katika chupa za maji ya kunywa. Ni riziki ya halali na sabuni yao inatoa povu la kupendeza. Lakini pishi moja hutofautiana na jingine, kwa kuwa anayepima kwa jicho leo huzidisha magadi, kesho huyapunguza. Tukapata kipimo rahisi ambacho watoto wenu wanaweza kukifanya nyumbani. Loweka maua makavu ya rozela, ambayo wengine huyaita choya, katika maji ya moto hadi yawe mekundu sana. Chukua glasi mbili: moja tia maji matupu, nyingine tia maji yaliyochanganywa na sabuni kidogo. Dondoshea kila moja matone machache tu ya rozela, kwani ukizidisha, uchachu wa rozela yenyewe utaiharibu hesabu. Glasi ya sabuni ikifanana na ya maji matupu, sabuni ni pole. Ikigeuka buluu au kijani, hiyo ni ya sakafu na nguo, usiikaribishe kwenye gari. Sabuni ya unga iligeuka kijani mbele ya macho yetu, na dereva wetu akasema, "Ustadhi, kumbe gari nililikuwa nalifulia!"

Akina mama nao walipima pishi zao nne. Tatu ziligeuka kijani. Sasa wanapima kwa mizani, na mmoja wao amesema wazi kwamba hata viganja vyake vimeacha kupasuka. Hata hivyo sijawashauri waiuze kama sabuni ya magari, kwa sababu ile chumvi si rafiki wa bati lenye michubuko.

Sabuni ikiwa nzuri na mkono ukiwa mbaya, hakuna faida. Mafundi wote niliowauliza walikubaliana kwamba kilicholichosha gari letu zaidi ni brashi, na tambara lililodondoka chini likaokotwa na kuendelea kutumika. Chembe ya mchanga ndani ya tambara ni kama msasa. Gari limwagiwe maji kwanza, likiwa kivulini na boneti likiwa limepoa, hadi tope na mchanga vishuke vyenyewe. Kisha ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila kinapotoka kwenye gari. Kitambaa kiwe laini. Uanze paani ushuke chini, na tairi na rimu ziwe za mwisho kwa kitambaa chake zenyewe. Likaushwe kabla jua halijalikausha, la sivyo kila tone litaacha doa lake. Kinyesi cha ndege, utomvu wa miembe, na wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kwa makundi kama moshi na kugandana kwenye bampa usiku, visingoje Alhamisi. Weka kitambaa kilicholowa juu yake kwa dakika chache, kisha futa bila kusugua. Mafuta ya taa na dizeli viachwe kabisa: mng'ao wake ni utando wa mafuta unaokusanya vumbi, nayo huharibu mipira ya milango na mikono ya kijana anayevitumia.

Kwa ndugu zetu wanaopeleka magari kwa vijana wa kuosha, sina lawama kwa vijana wale. Ni watoto wetu na wanatafuta riziki. Wabebee sabuni yako katika chupa ndogo na kitambaa chako, uwaambie kwa adabu kwamba hili lioshwe kwa hiki. Sijamwona aliyekataa.

Lipo hata hivyo jambo ambalo lazima niwaambie vijana wa ufukweni, na wenye magari wanaowapelekea kazi. Huko Mbamba Bay na vijiji vya mwambao nimeona magari yakiingizwa hadi magurudumu ya mbele yaguswe na mawimbi, yakasuguliwa pale pale kwa sabuni ya unga, povu likaondoka na maji. Hatua hamsini kutoka hapo, mama amejitwika ndoo ya kupikia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Lakini hata pasipokuwa na sheria, Mtume wetu (s.a.w.) alikwisha tuonya dhidi ya kuchafua mahali watu wanapochota maji, wanapopita na wanapopumzika kivulini. Ziwa Nyasa ni refu na kina chake hukaribia mita 700, basi watu hudhani linameza kila kitu. Njia yake ya kutokea ni moja tu, Mto Shire, huko kusini kabisa upande wa Malawi, na maji yake mengi huondoka kwa kukauka na jua, hali yale yaliyomo hubaki. Samaki wake wengi hawapo mahali pengine popote duniani. Gari lioshwe juu, mbali na ukingo, mahali penye majani au changarawe, maji yazame ardhini.

Na maji yenyewe tuyaonee uchungu. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na josho lake lilitosheka na pishi moja au zaidi kidogo. Mpira wa maji ukiachwa wazi kwa dakika 20 humwaga zaidi ya lita 200. Hiace yetu sasa huoshwa kwa ndoo nne za lita 20, na dereva anasema hata tatu zingetosha kama si tope la Matengo.

Niongeze neno kwa jumuiya zenye gari la jeneza, kwa kuwa nimekwisha ulizwa mara mbili. Nje ya gari ni suala la uchafu. Ndani, pale linapokaa jeneza, huweza kuwa suala la najisi, hasa damu. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tuliyosomeshwa wengi wetu, sabuni husaidia kuondoa dhati ya najisi na harufu yake, lakini kinachotoharisha ni maji safi yasiyobadilishwa na kitu. Kwa hiyo pale nyuma, baada ya sabuni yoyote ile, hata iwe ya bei kubwa namna gani, lazima pamiminiwe maji matupu mwishoni.

Kamati ilikutana. Wapo waliotaka dereva akatwe posho. Nilisimama nikawakumbusha kanuni tunayoisoma katika mlango wa amana: mshika amana halipi kilichoharibika mkononi mwake ila akizembea au akivuka mpaka. Mzee huyu hakuzembea. Alitumia sabuni aliyopewa, na hakuna aliyemwambia lolote. Aliyekuwa na karatasi ni mimi. Kikao kikanyamaza, kisha mwenyekiti akauliza fundi amesema nini.

Fundi wa Songea aliliosha mara mbili kwa shampuu isiyo na nta, ukatoka utando wa rangi ya maziwa, na ubavuni matone yakaanza tena kujiviringa. Seramiki ya pande zote mbili bado ipo. Ilikuwa imezibwa tu. Boneti na paa, vilivyopigwa na jua, brashi na mafuta ya taa, havina kitu na vimejaa michirizi. Vitang'arishwa kwa uangalifu, maana kila kung'arisha hupunguza klia, kisha vitapakwa upya. Gharama hiyo nimekubaliwa kuilipa kwa awamu tatu.

Mweka hazina aliogopa bei ya shampuu, tukafanya hesabu hapo hapo. Lita moja, kwa kipimo cha mililita 30 kwa ndoo, ni maosho 33, yaani zaidi ya miezi saba kwa osho moja kila juma. Alipoweka pembeni bei ya pakiti za unga za miezi hiyo, alinyamaza akatia saini.

Nilimpigia simu yule ndugu kumweleza yote, pamoja na habari ya kabati. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba jambo moja: karatasi ile itafsiriwe kwa Kiswahili, maana aliileta kwa Kiingereza, na hakuwa amefikiri kwamba dereva asingeweza kuisoma hata kama mimi ningempa. Nimeitafsiri. Imebandikwa ndani ya mlango wa dereva kwa herufi kubwa, na nakala ya pili iko kwa mwenyekiti.

Fungu la mama na fungu la dada, inshaallah, juma lijalo.